ELISA, SPR, BLI au ITC: uchague ipi kupima protini za kinga zinavyoshikana?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima jinsi protini mbili za mfumo wa kinga zinavyoshikana huuliza kwanza mashine ipi ni nzuri kati ya njia nne: ELISA (husoma rangi kwenye sahani), SPR (mwanga chini ya dhahabu), BLI (mwanga kwenye ncha ya kioo) na ITC (joto la mshikano). Ningependa aanze na swali jingine: protini zako zikishashikana, hukaa pamoja muda gani kabla ya kuachana? Jibu la swali hilo, hata la kukadiria tu, ndilo linaloamua njia ipi itakupa namba ya kweli na ipi itakuonyesha kisima cha sahani kilicho cheupe, kisicho na rangi, huku protini zikiwa zinashikana vizuri kabisa.

Sababu ni kwamba protini za kinga hazifanani hata kidogo kwa nguvu ya mshikano. Nguvu hiyo hupimwa kwa KD, yaani ukolezi ambao kwao nusu ya vipokezi vimeshikwa na nusu viko huru. KD ikiwa ndogo, mshikano ni mkali (mikromola 1 ni nanomola 1,000, na nanomola 1 ni pikomola 1,000). Kingamwili ya IgE na kipokezi chake kikuu kwenye seli zinazoleta mzio zina KD iliyo karibu na nanomola 0.1. IL-2, protini ambayo seli za kinga hutumia kupashana habari, na kipokezi chake kamili chenye minyororo 3 hufika pikomola 10 hivi, lakini ukiutenga mnyororo unaoitwa alfa peke yake, KD inapanda hadi takriban nanomola 10. Njoo sasa kwenye protini zinazokutana kati ya uso wa seli moja na uso wa nyingine: kipokezi cha seli T na molekuli ya MHC iliyobeba kipande cha protini ya kimelea hucheza kati ya mikromola 1 na 100. CD28 ya seli T na CD80 ya seli inayoiamsha ni mikromola 4 hivi, wakati CTLA-4, ambayo hupokonya CD80 hiyohiyo ili kuzima seli T, ina mikromola 0.2. Tofauti hiyo ya mara 20 ndiyo breki ya seli T, na ndiyo iliyotumiwa kutengeneza dawa ya CTLA-4-Ig kwa wagonjwa wa baridi yabisi.

Protini za uso wa seli zina mshikano dhaifu kwa sababu lazima ziachane. Seli T hugusa seli nyingi sana kwa siku moja. Kila mguso ungekuwa wa kudumu, isingesogea. Kwa hiyo usidhani KD ya mikromola 50 ni dalili ya jaribio lililoharibika. Mara nyingi ndivyo mwili ulivyotaka.

Hesabu moja utaitumia kila siku: muda ambao nusu ya michangamano huvunjika ni 0.693 ukigawanywa kwa kasi ya kuachana. Kingamwili nzuri yenye kasi ya kuachana ya 0.0001 kwa sekunde ina nusu-muda wa karibu saa 2. CD2 na CD48 za panya, protini mbili za uso wa seli zilizopimwa Oxford mwaka 1993, zilikuwa na KD ya mikromola 60 hadi 90 na kasi ya kuachana isiyopungua 6 kwa sekunde. Nusu-muda wake basi haufiki hata sekunde 0.12. Namba hizo mbili ziweke kichwani tunapopita kwenye njia moja baada ya nyingine.

ELISA: ya kwanza kwa seramu, ya mwisho kwa mishikano dhaifu

ELISA ilianza 1971, na maabara nyingi za tiba kutoka Mombasa hadi Mwanza zina sahani za visima 96 na kisomaji chake. Unabandika protini moja kwenye plastiki, unaziba nafasi zilizobaki kwa albumini au maziwa ya unga, unaweka protini ya pili, unaosha, unaweka kingamwili yenye kimeng'enya, unaosha tena, unaweka kitendanishi cha rangi na kusoma. Ni nafuu, hushughulikia sampuli mamia kwa siku, na kwa kupima kiwango cha kingamwili katika seramu za watu waliochanjwa sijaona cha kuishinda.

Ila tazama neno kuosha. Kuosha mara 3 au 5 huchukua dakika kadhaa. Kingamwili yenye nusu-muda wa saa 2 itakuwa bado imeshika. CD2 na CD48 zitakuwa zimeshaachana na kumwagwa kwenye sinki kabla hujachukua pipeti ya pili. Kisima kitabaki cheupe, na mtu ataandika kwenye daftari kwamba protini hizo hazishikani. Hilo ndilo kosa linalonisikitisha kuliko yote katika fani hii, kwa sababu jibu hasi la ELISA huandikwa kwa uhakika uleule wa jibu chanya, na halistahili uhakika huo.

Tatizo la pili liko upande wa pili. IgG, kingamwili ya kawaida ya damu, ina mikono 2. Ikikutana na antijeni zilizobandikwa kwa msongamano kwenye plastiki, hushika kwa mikono yote miwili, kama mkwezi wa mnazi: mkono mmoja ukiachia, mwingine bado uko kwenye shina. Kingamwili ya wastani huonekana kali sana. Kwa hiyo ile namba unayoipata katikati ya mkunjo wa ELISA usiiite KD. Inabadilika ukibadilisha wingi wa antijeni uliyobandika, na KD ya kweli haibadiliki kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, protini nyingi hufunguka umbo zinapong'ang'ania plastiki, na kingamwili zinazotambua umbo kamili hukosa pa kushika.

Kuna namna ya kuipata KD kwa ELISA: changanya kingamwili na antijeni zikiwa kwenye kimiminika hadi zitulie, kisha tumia sahani kupima tu kingamwili iliyobaki huru. Njia hii ilielezwa 1985 na bado ni ya heshima kwa mishikano mikali. Inahitaji subira na kisomaji cha kawaida tu. Kwa maabara isiyo na mashine kubwa, ningeijaribu kabla ya kuomba safari ya kwenda kutumia mashine ya wengine.

Na kwa mishikano dhaifu, kundi la Gavin Wright katika taasisi ya Sanger, Uingereza, lilifanya kitu kizuri mno mwaka 2008. Walichukua protini moja wakaiunganisha tano-tano kwa kipande cha protini ya gegedu, kisha wakaiwekea kimeng'enya cha beta-laktamezi. Protini ya pili waliibandika kwenye sahani kwa bayotini na streptavidini, jozi inayoshikana kwa nguvu sana. Mkono mmoja ukiachia, minne imebaki, na mshikano wa sehemu ya kumi ya sekunde unaonekana kwa macho: nitrosefini hugeuka kutoka manjano kuwa nyekundu. Njia hiyo, inayoitwa AVEXIS, ndiyo iliyogundua 2011 kwamba protini ya RH5 ya vimelea vya malaria ya falsiparamu hushika basijini kwenye chembe nyekundu za damu. KD yake ni kama mikromola 1 tu, lakini bila mshikano huo kimelea hakiingii. AVEXIS haikupi namba ya nguvu ya mshikano. Inakuambia nani anamjua nani. Kwa mtu mwenye orodha ya protini 100 asiyejua aanzie wapi, hilo ndilo analolihitaji.

SPR: pale unapotaka kujua kasi, siyo nguvu tu

Watu wengi maabara huiita Biacore, kwa jina la mashine za Kiswidi zilizoingia sokoni 1990 kutoka Uppsala. Protini moja hubandikwa kwenye kipande cha kioo chenye utando mwembamba wa dhahabu. Nyingine hupitishwa juu yake ikiwa ndani ya bafa, yaani maji ya chumvi yenye pH isiyobadilika. Protini zinaposhikana, uzito juu ya dhahabu huongezeka na pembe ya mwanga unaoakisiwa chini yake huhama. Unaona mstari ukipanda wakati protini inapita, ukitulia, kisha ukishuka bafa tupu inaporudi. Hakuna kuosha kunakoficha kitu, kwa sababu hata kuosha kwenyewe unakuona.

Kwa mshikano mkali, umbo la kupanda hukupa kasi ya kukutana na umbo la kushuka hukupa kasi ya kuachana. Kwa mshikano dhaifu mstari hupanda na kushuka wima kama ukuta, na hapo huwezi kusoma kasi. Usiibane mashine ikupe. Pima kimo cha mstari unapotulia kwa kila ukolezi, chora mkunjo, na upate KD kutoka hapo. Kuna raha iliyojificha humu: mshikano wa haraka hutulia ndani ya sekunde, kwa hiyo mikrolita chache za sampuli zinatosha kila mara, na uso hujisafisha wenyewe bila tindikali. CD2 na CD48, zilizokataa ELISA, kwa SPR ni kazi ya siku moja ukiwa na protini safi.

Mishikano mikali sana ndiyo inayochosha. Kasi ya kuachana ikiwa 0.00001 kwa sekunde, ili uone mstari umeshuka asilimia 5 tu unahitaji kusubiri sekunde 5,000, yaani zaidi ya dakika 80, na mashine isitetereke wakati wote huo. Umeme ukikatika katikati, umeanza upya. Mtu anayekuletea KD ya pikomola chache baada ya kutazama mstari kwa dakika 5 hajaipima. Programu ndiyo iliyomkisia.

Nitakaa kidogo kwenye suala la nani abandikwe na nani apitishwe, kwa sababu hapo ndipo namba nyingi zilizochapishwa zinapogombana. Chukua FcRn, kipokezi kinachoiokoa IgG isivunjwe ndani ya seli na kuifanya iishi katika damu kwa takriban siku 21. Kila IgG ina sehemu 2 za kushika FcRn, moja kila mnyororo mzito. Ukibandika FcRn kwa msongamano na kupitisha IgG, kingamwili moja itashika vipokezi viwili na utaona mshikano mkali kuliko wa kweli. Ukigeuza, ukabandika IgG na kupitisha FcRn iliyo moja-moja, utapata KD dhaifu zaidi kwa protini zilezile. Namba zote mbili zitatoka na mkunjo mzuri. Ya pili ndiyo inayostahili kuitwa KD. Kanuni basi ni rahisi kuishika: chenye mikono mingi kibandikwe, cha mkono mmoja kipite. Kingamwili ikamatwe kwa protini A ya bakteria au kwa kingamwili inayoshika mkia wake, kisha antijeni ipitishwe.

FcRn inafundisha jambo la pili. Hushika IgG kwenye pH 6.0 na huiachia kwenye pH 7.4. Ukipima kwa bafa ya kawaida ya maabara, utaandika kwamba hakuna mshikano. Kingamwili ya malaria CIS43LS, iliyojaribiwa Mali na matokeo yake kutoka 2022, ina mabadiliko mawili ya asidi amino kwenye mkia yanayoongeza mshikano na FcRn kwenye pH 6.0 takriban mara 10, ndiyo maana dozi moja hukaa miezi. Mabadiliko hayo yangepimwa kwa bafa moja tu yasingeeleweka yanafanya nini.

BLI: sampuli chafu, haraka, lakini masikio mazito kidogo

BLI, ambayo wengi huijua kwa jina la Octet, hubandika protini kwenye ncha ya unyuzi wa kioo. Ncha hiyo huchovywa kwenye kisima, kisha kingine, kisha kingine, na mwanga unaorudi kutoka kwenye ncha huonyesha utando wa protini unavyonenepa. Hakuna mirija. Na mirija ndiyo inayoziba mashine za SPR mtu anapoleta kimiminika cha seli ambacho hakijasafishwa.

Hii ndiyo nguvu yake. Umetengeneza kingamwili 60 kwenye seli na hutaki kuzisafisha zote kabla ya kujua zipi zinafaa. Chovya ncha moja kwa moja kwenye maji ya seli, kamata kingamwili, chovya kwenye antijeni, tazama. Kwa mchana mmoja umezipanga kwa kasi ya kuachana. Unaweza pia kuuliza kama kingamwili mbili zinagombea mahali pamoja kwenye antijeni: ya kwanza ishike, kisha leta ya pili uone kama inapata nafasi.

Udhaifu wake uko wazi vilevile. Kila kisima kinataka mikrolita 200 hivi, ingawa sampuli unabaki nayo. Visima viko wazi, kwa hiyo jaribio la saa kadhaa hukauka na ukolezi hupanda, hasa chumba kikiwa na joto la Dar es Salaam mwezi wa pili na kiyoyozi kimekufa. Antijeni ndogo huonekana kwa shida. Na kwa mishikano ya mikromola makumi, unalazimika kuchovya kwenye ukolezi mkubwa ambako protini hunata kwenye ncha yenyewe. Lazima uwe na ncha isiyobandikwa kitu ili uliondoe hilo, na mara nyingine kinachobaki ni kidogo mno.

Ukinibana nichague kati ya SPR na BLI kwa maabara moja yenye bajeti ya mashine moja, nitauliza kazi yao. Wanaosaka kingamwili wachukue BLI. Wanaochunguza protini za uso wa seli, zile za mikromola, wachukue SPR, na wasishawishike na urahisi wa ncha.

ITC: haibandiki kitu, lakini ina njaa

Njia zote hapo juu hubandika angalau protini moja mahali. ITC haibandiki. Protini moja huwa kwenye chumba kidogo cha mikrolita 200, nyingine kwenye sindano ya mikrolita 40, na kila tone linapoingia mashine hupima joto linalotolewa au kufyonzwa. Kwa jaribio moja unapata KD, joto la mshikano, na idadi ya molekuli ngapi hushika ngapi.

Hiyo namba ya tatu haithaminiwi inavyostahili. Ikiwa unatarajia molekuli moja ishike moja, yaani 1, na unapata 0.6, kuna uwezekano mkubwa kwamba asilimia 40 ya protini yako ya chumbani imekufa ingawa kwenye jeli inaonekana safi kabisa. SPR na BLI haziwezi kukuambia hivyo waziwazi.

Bei ni protini. Kanuni ni kwamba ukolezi wa protini ya chumbani ukigawanywa kwa KD upate kati ya 10 na 100, na sindano iwe na mara 10 ya chumba. KD ikiwa mikromola 1, unaweka mikromola 20 chumbani na 200 kwenye sindano. Kwa protini ya kilodaltoni 25 hiyo ni miligramu 0.5 kwa mililita na 5 kwa mililita, inafanyika. Sasa rudi kwa CD2 na CD48, KD mikromola 80. Chumba kinataka mikromola 800, yaani miligramu 20 kwa mililita. Sindano inataka miligramu 200 kwa mililita. Protini hiyo itakuwa uji kabla haijafika mashineni. Upande wa pili, kingamwili ya pikomola hushika kila tone hadi ijae, kisha ghafla hakuna joto: unaona ngazi moja kali, unapata idadi na joto, lakini KD haisomeki.

ITC pia haisamehi bafa zisizolingana. Protini zote mbili zikae pamoja kwenye dayalisisi usiku kucha katika chombo kimoja. Tofauti ndogo tu ya chumvi hutoa joto kubwa kuliko mshikano unaoutafuta. Ningeitumia kwa mishikano ya katikati, na kama shahidi wa pili pale ambapo nashuku kwamba kubandika kumeiharibu protini.

Kuna pia MST, ambayo hupima protini zinavyosogea kwenye joto na hutumia mikrolita 10 hivi ndani ya mirija myembamba na inaweza kupima hata ndani ya seramu. Inadai protini moja iwe na rangi ing'aayo, na rangi hiyo kwa kawaida hushika asidi amino ya lisini. Ikiwa lisini iko mahali pa mshikano, umeziba mlango unaotaka kuupima. Ukiwa na protini kidogo sana ni chaguo la busara.

Picha za umbo, iwe kwa fuwele na eksirei au kwa krayo-EM (darubini ya elektroni kwa protini zilizogandishwa), zinajibu swali tofauti: wapi zinashikana. Hazikuambii kwa nguvu gani wala kwa muda gani. Makisio ya umbo la protini kwa kompyuta, ya aina ya AlphaFold, ni mwanzo mzuri wa kuchagua asidi amino za kubadilisha, ila kwa kingamwili na antijeni bado hukosea mara nyingi, na kile ambacho hakijathibitishwa maabara kisiandikwe kama matokeo.

Kabla ya mashine yoyote, protini yenyewe

Wale watafiti wa Oxford waliopima CD2 waligundua jambo ambalo kila mtu anayeanza anapaswa kulisoma mara mbili. Sehemu ndogo ya protini ikiwa imegandamana, magandamano hayo yana mikono mingi, hushika kwa nguvu na kuachia polepole, na huweza kuufanya mshikano dhaifu uonekane mkali mara nyingi zaidi ya ulivyo. PD-1 na PD-L1, protini zinazolengwa na dawa za saratani zilizomletea Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya 2018 pamoja na James Allison, zimechapishwa zikiwa na KD za chini ya mikromola 1 na za mikromola 8. Dawa zinafanya kazi vilevile, lakini anayejenga modeli ya seli T kwa namba ya kwanza atapata seli tofauti na anayetumia ya pili.

Kwa hiyo pitisha protini kwenye kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa siku ileile ya kupima, siyo wiki iliyopita. Ukiigandisha na kuiyeyusha, ipitishe tena. Kama huna kolamu, usikimbilie SPR, kwa sababu mashine ya bei kubwa itakupa namba nzuri ya magandamano.

Angalia pia protini imetengenezwa wapi. IgG iliyotoka kwa bakteria haina sukari kwenye mkia, na karibu haishiki vipokezi vya Fc-gama, vile vya seli za kinga vinavyoshika mkia wa IgG. Hata sukari moja ina uzito: IgG1 iliyonyimwa fukosi hushika kipokezi cha FcγRIIIa kwa nguvu iliyoongezeka hadi mara 50. Maabara mbili zikitumia seli tofauti kutengeneza kingamwili ileile, zinaweza kugombana miaka juu ya mashine wakati tofauti iko kwenye sukari. Kwa vipokezi vya Fc ningetumia seli za binadamu au za mamalia kila inapowezekana.

Na weka protini iliyobadilishwa asidi amino moja mahali pa mshikano, isiyotarajiwa kushika. Ikishika, simama.

Mfano mmoja kamili: kingamwili dhidi ya RH5

Bagamoyo, katika kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara, chanjo ya RH5.1 yenye Matrix-M, kiambata kinachoongeza nguvu ya chanjo, ilijaribiwa kwa watu wazima na watoto wa Tanzania. Tuseme una seramu za jaribio la aina hiyo, na baadaye kingamwili zilizotengwa kutoka kwa baadhi ya washiriki. Utumie nini?

Kwa seramu zote, ELISA, bila kusita. Unataka kujua nani ana kingamwili nyingi kuliko mwenzake na zinapungua kwa kasi gani miezi ikipita. Kwa kingamwili zilizotengwa, BLI kwanza: zipange kwa mahali zinaposhika, na zile zinazoizuia basijini isiguse RH5 zichaguliwe kwa hatua inayofuata.

Kisha SPR, na hapa ndipo KD peke yake inaposhindwa. Chukua kingamwili mbili zenye KD ya nanomola 1 kila moja. Ya kwanza hukutana kwa kasi ya 100,000 kwa mola kwa sekunde na huachana kwa 0.0001. Ya pili hukutana kwa 1,000,000 na huachana kwa 0.001. Ukigawanya, namba ni ileile. Lakini kimelea kilichotoka kwenye chembe moja ya damu huingia nyingine ndani ya muda mfupi sana. Kukiwa na kingamwili nanomola 100 kwenye damu, yaani karibu mikrogramu 15 kwa mililita, ya kwanza inahitaji takriban sekunde 69 kushika nusu ya RH5 inayoonekana. Ya pili inahitaji karibu sekunde 7. Ile ya kwanza itafika mlango umeshafungwa. Kwa ELISA, ya kwanza huenda ikaonekana bora, kwa sababu inavumilia kuoshwa.

ITC ningeiacha hapa, isipokuwa nikishuku kwamba sehemu ya RH5 yangu imekufa. Kwa mshikano wa RH5 na basijini wenyewe, mikromola 1, ingefaa sana, na SPR ya kimo cha utulivu ikae kando yake kama shahidi. Kingamwili 5 au 6 zitakazobaki zipelekwe kwenye jaribio la kuzuia vimelea kukua ndani ya chembe za damu, na mpangilio wa kasi ya kukutana uwekwe mezani kando ya matokeo ya kuzuia. Hapo ndipo utajua kama namba uliyoichagua kupima ndiyo iliyokuwa na maana kwa kimelea.